Évariste Kimba: Hukumu Isiyorudi Nyuma

Katika toleo hili tunamkumbuka mwana wa Katanga ambaye wazee wetu wanamfahamu vizuri.

Évariste Kimba alizaliwa mwaka 1926 huko Nsaka. Alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, akawa waziri wa mambo ya nje wa Moïse Tshombe. Tarehe 13 Oktoba 1965 Rais Kasavubu alimteua kuwa waziri mkuu wa Kongo. Lakini wabunge walimnyima kura ya imani, na Novemba ileile Jenerali Mobutu akatwaa nchi.

Mwaka 1966, wakati wa Pentekoste, Kimba alikamatwa pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, mawaziri wa zamani. Walishtakiwa kwamba walipanga njama ya kumpindua Mobutu. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kwa muda usiofika saa mbili, bila mawakili. Tarehe 2 Juni walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Kimba alikuwa na miaka 39.

Mobutu alipoondolewa mwaka 1997, uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa Uwanja wa Mashahidi, kwa kumbukumbu ya wale wanne. Serikali moja iliwaita wasaliti, nyingine ikawaita mashahidi. Kama wangekuwa gerezani, wangefunguliwa.

Wapendwa, wengi wetu tuliovuka kuja huku Mununga tuliacha makaburi nyuma. Wengine wanasema waliowaua watu wetu nao wafe. Hatuwalaumu, kwa maana damu ile inadai haki. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 2022 Zambia, iliyotupokea, ilifuta hukumu ya kifo katika sheria yake ya makosa ya jinai. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, mwaka 2024 serikali ya Kongo iliondoa zuio la kuitekeleza lililokuwepo tangu 2003, ikitaja wasaliti jeshini na majambazi wa mijini. Msaliti ndilo jina alilonyongewa Kimba.

Basi tudai wauaji wakamatwe, wasikilizwe wakiwa na mawakili, wafungwe. Hakimu akikosea, mlango wa gereza anaweza kuufungua. Kaburi hataliweza. Mungu awafariji wote waliofiwa.