Johann Maria Farina: Mwitaliano aliyebuni manukato ya Cologne

Kila majira ya joto yanapowadia barani Ulaya, wanaume wengi hutafuta manukato mepesi yenye harufu ya limau na chungwa, tena kwa bei wanayoimudu. Mengi ya manukato hayo yana asili moja: kazi ya Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia mji wa Cologne, magharibi mwa Ujerumani, zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Farina alizaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha Santa Maria Maggiore, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1709 ndugu yake, Johann Baptist, alifungua mjini Cologne duka la bidhaa za anasa, zikiwemo hariri na tepe za mapambo. Johann Maria alijiunga naye mwaka 1714.

Zama hizo matajiri walipendelea manukato mazito ya miski na ambari. Farina alishika njia nyingine. Alichanganya spiriti safi na mafuta ya maganda ya bergamoti, tunda la jamii ya michungwa, pamoja na ya limau na chungwa. Manukato yake aliyaita kwa Kifaransa Eau de Cologne, yaani maji ya Cologne, kwa heshima ya mji uliompokea.

Kazi haikuwa rahisi, kwani mafuta ya matunda hubadilika harufu kila mavuno. Ustadi wa Farina ulikuwa kuyapima na kuyachanganya upya, hata chupa ya mwaka mmoja isitofautiane na ya mwaka uliotangulia. Uthabiti huo uliwavutia wafalme na watawala wa Ulaya, lakini mtu wa kawaida hakuweza kuyanunua.

Farina alifariki dunia mwaka 1766. Hapakuwa bado na sheria ya kulinda majina ya biashara, na wengine wakaanza kuuza manukato yao kwa jina hilohilo. Mwaka 1803 Wilhelm Mülhens wa Cologne alinunua haki ya kutumia jina la Farina kutoka kwa mtu mwenye jina hilo asiyehusiana na duka lile. Kesi ziliendelea kwa miongo mingi, hadi warithi wa Mülhens walipolazimika kutumia jina 4711, namba ya nyumba yao.

Ukoo wa Farina ungali unaendesha biashara yake Cologne, ila neno kolonya si mali yake tena. Hasara hiyo ya ukoo imekuwa faida kwa mnunuzi mwenye kipato kidogo: harufu iliyokuwa ya wafalme sasa hupatikana katika maduka ya kawaida. Anachopaswa kujua ni kwamba mafuta ya limau na chungwa huyeyuka upesi hewani. Harufu ikififia kabla ya adhuhuri, si lazima iwe dalili ya udanganyifu au bei ndogo. Hiyo ndiyo tabia ya tunda lenyewe, na dawa yake ni kujipaka tena.