Kakungulu: Mwanzilishi wa Mbale aliyenyimwa ufalme

Mfanyabiashara anayevuka Malaba kwenda kuuza bidhaa Mbale huingia mji ulioanzishwa na Semei Kakungulu. Jemadari huyu wa Kiganda aliziteka nchi za mashariki kwa jeshi lake mwenyewe, akitarajia Waingereza wamfanye mfalme. Badala yake, mwaka 1902 walimwondoa Budaka, wakamwachia maili 20 za mraba Mbale. Kuanzia 1906 hadi 1913 alikuwa rais wa Baraza la Busoga, Jinja: cheo kikubwa, lakini mtu wa mshahara, chini ya ofisa wa Kizungu. Mwaka 1919 aliingia Uyahudi. Alifariki Novemba 1928, ufalme hakuuona.