Jesse Livermore: Mlanguzi wa Wall Street aliyeshindwa na kanuni zake mwenyewe

Ni wachache waliochuma fedha nyingi katika masoko ya Marekani kwa akili zao wenyewe, bila kiwanda wala mtaji wa wateja, kama Jesse Livermore. Na ni wachache zaidi waliozipoteza mara nyingi kama yeye. Kwa Kiswahili cha sokoni angeitwa mlanguzi. Hakulima pamba aliyoiuza wala hakuiona ngano aliyoinunua. Biashara yake ilikuwa bei.

Alizaliwa Julai 26, 1877 huko Shrewsbury, jimbo la Massachusetts, katika familia ya mkulima wa hali ya chini. Baba yake alitaka ashike jembe. Alipofikisha miaka 14 aliondoka nyumbani kwa msaada wa mama yake, akiwa na dola 5 mfukoni, akaenda Boston na kupata kazi katika ofisi ya madalali wa Paine Webber. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika ubaoni kwa chaki bei za hisa zilizoingia kwa telegrafu. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa hesabu. Alianza kunakili bei katika daftari lake na kuchunguza namna zinavyojongea kabla ya kupanda au kushuka. Kampuni yenye hisa hizo inatengeneza nini, hilo halikumsumbua.

Akiwa na miaka 15 aliingia sokoni kwa mara ya kwanza, akapata faida ya dola 3.12. Haukupita muda mrefu akaweka dola 1,000 taslimu mbele ya mama yake, ambaye hakufurahishwa sana na namna zilivyopatikana.

Fedha hizo hazikutoka katika soko halisi la hisa. Wakati huo miji ya Marekani ilikuwa na vibanda vya kubashiri bei vilivyojifanya ofisi za madalali. Mteja aliweka dola 1 kwa hisa yenye bei ya dola 100. Bei ikipanda kwa dola 1, amepata dola yake. Ikishuka kwa dola 1, fedha yake imekwenda na habari imeishia hapo. Hakuna hisa iliyonunuliwa. Mwenye kibanda ndiye aliyecheza dhidi ya mteja, na kwa kuwa bei huyumba kidogo kila saa, wateja wengi walifutwa hata kama mwishowe wangekuwa sahihi. Msomaji aliyewahi kuona matangazo ya kufanya biashara ya fedha za kigeni kwa mkopo wa dalali atautambua mfumo huu haraka. Livermore aliwashinda wenye vibanda mpaka wakamfukuza, naye akawa anaingia kwa majina ya bandia.

Hatimaye akahamia New York, kwenye soko lenyewe, na huko akagundua kwamba ujuzi wake ulikuwa nusu tu. Mei 9, 1901 matajiri wawili wa reli pamoja na mabenki yao walikuwa wakigombea kuimiliki kampuni ya Northern Pacific. Hisa yake ilifika dola 1,000, huku hisa nyingine zikiporomoka kwa sababu watu waliuza chochote walichokuwa nacho wapate fedha. Livermore alitarajia mporomoko huo na aliagiza kuuza. Lakini soko lilikuwa limefurika, na utepe wa karatasi uliochapa bei ulikuwa nyuma ya soko. Hisa zake ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko aliyoiona, na alipotaka kuzinunua tena bei ilikuwa imekwisha kupanda. Alikuwa sahihi kuhusu soko, na dola zipatazo 50,000 zikapotea. Kwenye kibanda bei iliyo ubaoni ndiyo unayolipwa. Kwenye soko halisi lazima awepo mtu wa kununua.

Mchezo alioupenda zaidi ulikuwa kuuza asichokuwa nacho. Ni sawa na mtu anayeazima gunia la mahindi mwezi wa njaa, akaliuza kwa bei ya juu, kisha akanunua jingine wakati wa mavuno na kulirudisha. Kinachobaki ni chake. Mavuno yakiwa mabaya, atalilipa gunia hilo kwa bei yoyote itakayotajwa. Mwaka 1906 aliuza hivyo hisa za reli ya Union Pacific muda mfupi kabla ya tetemeko la ardhi la San Francisco la Aprili 18, na akapata dola zipatazo 250,000. Oktoba 24, 1907, siku ambayo mabenki ya New York yalikaukiwa na fedha za kuwakopesha madalali, inaelezwa kwamba alipata karibu dola milioni 1 kwa siku moja. Inasimuliwa pia kwamba mjumbe kutoka upande wa J. P. Morgan alimwomba aache kuuza, naye akakubali, akaanza kununua.

Mwaka uliofuata ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Livermore alikuwa na kanuni zake tayari: anza na kiasi kidogo, ongeza pale tu ununuzi wa kwanza unapoonyesha faida, hasara ikatwe mapema, usisikilize maneno ya watu. Kisha akakutana na Theodore Price, mjuzi wa pamba mwenye ulimi mtamu na takwimu nyingi, ambaye naye aliwahi kufilisika. Livermore mwenyewe aliona pamba ingeshuka. Price alimshawishi kwamba ingepanda. Akanunua, bei ikashuka, akanunua tena. Wakati huohuo alikuwa na ngano iliyokuwa ikimpa faida. Akaiuza ngano ili aitegemeze pamba, na baadaye ngano ikapanda sana. Hakukosa maarifa, kwa kuwa kila alichokifanya kilipingana na jambo alilolijua. Kukubali hasara ya pamba kungekuwa kukiri kwamba amekosea, na faida ya ngano ilikuwa rahisi kuichukua kwa sababu haikumuumiza. Wafanyabiashara wengi wa nafaka wanaujua udhaifu huu: mzigo unaolipa huuzwa upesi, unaooza hubaki ghalani.

Mamilioni yakayeyuka, na mwaka 1915 akatangazwa mufilisi akiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 1. Dalali mmoja alimkubalia kuanza na hisa 500 kwa mkopo. Akijua kwamba kosa moja tu lingemmaliza, Livermore alikaa wiki sita akitazama bei bila kununua kitu. Vita vya Ulaya vilikuwa vimezipa kazi kampuni za chuma. Hisa ya Bethlehem Steel ilipokaribia dola 100, akanunua, ilipopanda, akaongeza. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amewalipa wadai wake wote, ingawa mahakama ilikuwa imekwisha kumfutia madeni hayo. Safari hii pia aliweka fedha katika mfuko wa amana kwa ajili ya familia, akiufunga kisheria ili yeye mwenyewe asiweze kuugusa. Huenda hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyofanya, maana alikuwa amemtambua mtu wa kumwogopa.

Mwaka 1923 mwandishi Edwin Lefèvre alitoa kitabu kuhusu maisha yake, akimpa jina jingine. Kitabu hicho bado kinasomwa na madalali. Mwaka 1929, Wall Street ilipoanguka, Livermore alikuwa upande wa wauzaji na inakadiriwa alipata dola milioni 100. Watu waliopoteza akiba zao walimtumia vitisho, akalazimika kuajiri walinzi.

Chini ya miaka mitano baadaye fedha hizo zilikuwa zimekwisha. Machi 1934 alifilisika tena, akiwa na mali ya takriban dola 84,000 na madeni ya zaidi ya dola milioni 2. Mwaka huohuo serikali iliunda tume ya kusimamia masoko ya hisa, na mbinu nyingi za walanguzi wa zamani zikapigwa marufuku. Ndoa yake ya pili ilikuwa imevunjika, na msongo wa mawazo aliougua kwa muda mrefu ukazidi.

Mwaka 1940 alichapisha kitabu chake kuhusu biashara ya hisa. Humo alieleza kwamba hasara isizidi asilimia 10 ya fedha iliyowekwa, na kwamba nusu ya kila faida kubwa itolewe sokoni na kuwekwa benki. Novemba 28 ya mwaka huo alijiua katika hoteli moja jijini New York, akiwa na umri wa miaka 63.