Sheikh Al-Amin Mazrui: Alitaka Mtoto Afahamu Asomacho

Ukipita Diani, Gazi au Msambweni hukosi kusikia sauti za watoto wa chuoni wakisoma kwa pamoja. Zamani, katika vijiji vingi vya Wadigo, chuo ndicho kilichokuwa shule ya kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho. Mtoto alikhitimu Qurani asijue maana ya alichosoma, wala hesabu. Shule za misheni wazazi walizikwepa, wakichelea watoto wasije wakatolewa katika dini.

Mmoja wa waliolikabili jambo hili mapema ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hadi 1837, kisha tawi lake moja likahamia Gazi. Babake, naye mwanachuoni, alifariki Al-Amin angali mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma kwa masheikh wakubwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir.

Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa kwa Kiswahili, na 1932 gazeti la Al-Islah. Humo aliwalaumu Waislamu wenzake waziwazi kwa kupuuza elimu na kuwanyima watoto wa kike haki yao. Si wote waliopendezwa.

Wala hakuishia kulaumu. Aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, ili mtoto aifahamu sala yake kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika hadi kufariki kwake 1947.

Chekechea za madrasa hakuziona. Mpango wake ulianzia Mombasa miaka ya 1980, baadaye ukavuka Likoni ukaingia vijiji vya Kwale. Mtoto wa miaka mitatu au minne akafundishwa sura fupi, nyimbo, na kuhesabu kwa vifuu na mbegu, na mwalimu wake ni binti wa kijiji hichohicho. Mzazi hakulazimika tena kuchagua baina ya dini na dunia.

Hayo ndiyo aliyoyapigania Sheikh. Basi tukimpeleka mtoto chuoni, tumwulize pia amefahamu nini. Mwenyezi Mungu amrehemu.