Stanley na Mashua ya Vipande
Kila nifikapo kwa Wagenia, kwenye maporomoko, namkumbuka Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1874 alifika Zanzibar na Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa vipande vitano. Vilikuwa vizito mno, vikapunguzwa ili vibebeke. Majini viliunganishwa, nchi kavu vikafunguliwa. Januari 1877 mashua hiyo ilipita maporomoko yetu. Desemba 1883 alirudi kuanzisha kituo kilichokuja kuwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Alifariki mwaka 1904. Ubunifu wa vipande nausifu, ila ulitegemea mabega ya wapagazi. Wengi walifia njiani, na majina yao sikuyasoma darasani.