Bibi wa fanusi aliyeipa heshima kazi ya uuguzi

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi wa ulimwengu mzima huadhimisha siku yao. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo siku aliyozaliwa, mwaka 1820, Bibi Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyeikuta kazi ya kuuguza ikidharauliwa, akaiacha ikiwa kazi ya elimu na heshima.

Wengi wetu tulimsoma shuleni kuwa ni bibi mwenye taa, apitaye usiku baina ya vitanda vya majeruhi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko mwenyewe. Hata taa yenyewe sivyo ichorwavyo. Wachoraji wengi wa Ulaya walimpa taa ya mafuta yenye mkono na mdomo, mfano wa zile za hekaya za Alfu Lela Ulela. Taa aliyoitumia ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunjika, yenye mshumaa ndani. Na sisi watu wa Pwani neno fanusi hatuhitaji kufasiriwa.

Kwetu Waislamu, habari ya mwanamke kuwauguza majeruhi wa vita si ngeni. Wanavyuoni wametuhadithia juu ya Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, na humo akauguzwa Saad bin Muadh (R.A.) baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaki. Lakini Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa mbali na mfano huo. Wauguzi wengi wa hospitali walikuwa wanawake maskini wasiofundishwa, wakihesabiwa kuwa watumishi wa kufagia na kufua tu, na baadhi yao wakisifika kwa ulevi. Binti wa nyumba ya kitajiri hakuthubutu kuitaja kazi hiyo mbele ya wazee wake.

WAZAZI WAKATAA

Florence alizaliwa Italia, wazazi wake wakiwa safarini, akapewa jina la mji aliozaliwa. Baba yake, Bwana William Nightingale, alikuwa tajiri mwenye majumba mawili makubwa huko Uingereza. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akawasomesha mwenyewe binti zake wawili lugha, historia na falsafa. Florence alivutiwa mno na hesabu, na baadaye tutaona hesabu hizo zilivyomfaa.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliona moyoni kwamba Mwenyezi Mungu amemwita amtumikie, lakini hakujua kwa kazi gani. Akawa anakwenda kuwatazama wagonjwa wa vijijini karibu na kwao, na polepole akatambua kuwa kazi yake ni hiyo. Mwaka 1845 aliomba ruhusa akajifunze katika hospitali ya Salisbury. Nyumba nzima ikavurugika. Wazee walilitazama ombi hilo kama aibu kwa jamaa, wakalikataa.

Hakutoroka wala hakukata tamaa. Aliamka kabla ya mapambazuko, akasoma kwa siri taarifa za hospitali na za afya ya watu, kisha mchana akakaa na wageni wa mamake kama kwamba hana fikira nyingine. Bwana Richard Monckton Milnes, mtu wa cheo na adabu, alimposa akangoja miaka mingi. Florence alimpenda, lakini mwaka 1849 alimkataa kwa kuwa aliona ndoa ile ingemfunga katika maisha yale yale ya sebuleni.

Mwaka huo alisafiri na marafiki wa nyumbani kwenda Misri. Huko Iskandaria alitazama kazi ya masista waliokuwa na shule na zahanati, kisha akapanda Mto Nile. Waliporejea, mwaka 1850, alipita Kaiserswerth, Ujerumani, palipokuwa na chuo cha wanawake wa Kikristo waliouguza wagonjwa. Mwaka 1851 alirudi hapo akakaa kama miezi mitatu, akijifunza kufunga vidonda na kuwakesha wagonjwa mahututi. Alikuwa na umri wa miaka 31. Subira yavuta heri.

Mwaka 1853 alipewa usimamizi wa nyumba ndogo ya kuuguzia wanawake mtaa wa Harley, London. Hakulipwa mshahara, na baba yake alimkatia pauni 500 kwa mwaka. Hapo ndipo alipoonja taabu za kila siku za msimamizi: hesabu za makaa na nyama, watumishi wavivu, na wakubwa wa kamati wasiopatana. Alitaka maji ya moto yapandishwe kwa mabomba hadi kila ghorofa, kengele zitiwe karibu na wagonjwa, na chakula kipandishwe kwa kamba, kwani aliona mwuguzi anayemaliza siku yake ngazini hapati nafasi ya kumtazama mgonjwa. Tena alishikilia kuwa mgonjwa asikataliwe kwa sababu ya dini yake.

KATIKA NCHI YA SULTANI

Wakati huo Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeungana na Sultani Abdulmajid wa Uturuki kupigana na Warusi katika vita vya Crimea. Magazeti ya London yalipoeleza jinsi askari majeruhi walivyotupwa bila ya uangalizi, watu walighadhibika. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Florence, alimwomba aende. Tarehe 21 Oktoba 1854 aliondoka na wanawake 38, na mapema mwezi wa Novemba akafika Scutari, mji wa Üsküdar, ng'ambo ya pili ya Stambuli.

Hospitali yao ilikuwa kambi kubwa ya askari, iitwayo Selimiye, waliyoazimwa Waingereza na Waturuki. Wagonjwa walilala sakafuni, nguo zimejaa chawa, vyoo vimeziba na kufurika, na chini ya jengo kumejaa uchafu wa miaka. Madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake wale. Bibi Florence aliwaamrisha wauguzi wake wasimguse mgonjwa mpaka daktari atake mwenyewe, wakakaa wakishona na kutayarisha vitambaa vya vidonda. Haukupita muda. Majeruhi wa vita vya Inkerman walipomiminika, madaktari wenyewe waliwaita.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ndoo na brashi. Alinunua mashati, sahani, sabuni na taulo kwa fedha zake na za mchango uliokusanywa na gazeti la The Times. Alikodi nyumba, akatia mapipa ya kuchemshia maji, akawaajiri wake wa askari wafue nguo. Aliwaandikia barua jamaa za waliokufa. Baada ya saa mbili usiku hakumruhusu mwanamke mwingine kuingia wodini. Alipita yeye na fanusi yake.

Tusimsahau hapa Bibi Mary Seacole wa Jamaica, mama wa damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Aliomba kujiunga na wauguzi wa serikali akakataliwa, akaenda kwa gharama yake mwenyewe, na mwaka 1855 akafungua nyumba karibu na Balaklava alikowalisha na kuwatibu askari. Sifa zake zilichelewa sana kufika vitabuni.

HESABU ZAFICHUA SIRI

Sasa tunafika penye jambo ambalo hadithi za shuleni huliruka. Pamoja na juhudi zote hizo, watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855 walikufa takriban wagonjwa 42 katika kila 100. Mnamo Machi serikali ilituma tume ya mambo ya afya. Wajumbe wake walizibua mifereji, wakaondoa mizoga na taka, wakapaka kuta chokaa na kusafisha njia za maji. Kufika Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi wagonjwa wawili hivi katika kila 100.

Bibi Florence mwenyewe aliugua homa kali mwezi wa Mei, akanusurika. Alirudi kwao Agosti 1856 kwa jina la kubandika ili akwepe shangwe za watu. Sultani alikuwa amemtunukia bangili ya almasi, na nchi nzima ilitaka kumpokea kwa ngoma. Yeye alikuwa akiwafikiria waliokufa.

Pamoja na Dakta William Farr, bingwa wa takwimu, alizipitia hesabu za vifo moja moja. Zikadhihirisha kuwa wengi hawakuuawa na risasi za Warusi. Waliuawa na kipindupindu, kuhara na homa, maradhi yaliyozuilika. Maana ya hesabu hizo ilikuwa nzito kwake: wema wa mwuguzi, na kukesha kwake, haviwezi kumwokoa mgonjwa anayelazwa juu ya choo kilichoziba. Mtu mwingine aliyesifiwa kama yeye angaliweza kunyamaza akazila sifa zake. Yeye alizichora hesabu hizo kwa duara za rangi ili wakubwa wasiopenda tarakimu wazielewe kwa kutazama tu, akaisukuma serikali iunde tume ya uchunguzi mwaka 1857. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

CHUO CHA WAUGUZI

Wananchi walikuwa wamemchangia zaidi ya pauni 44,000. Kwa fedha hizo alifungua chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860. Wasichana walifundishwa kwa mwaka mmoja: wodini kwa vitendo na darasani kwa masomo, wakilala katika bweni lao, na kila mmoja akiandikiwa taarifa ya mwenendo wake. Kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwisho wa 1859, kilieleza hewa safi, mwanga, maji, chakula na utulivu wa mgonjwa. Wanafunzi wake walienea mbali. Bibi Agnes Jones aliongoza uuguzi wa hospitali ya maskini Liverpool tangu 1865 mpaka alipofariki kwa homa mwaka 1868, na mwaka huo huo Bibi Lucy Osburn akafika Sydney, Australia, na wenzake watano.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kushikilia rai yake. Alichelewa kukubali elimu ya vijidudu vya maradhi, na alipinga wauguzi kuandikishwa rasmi kwa sheria, jambo ambalo Uingereza ililipitisha mwaka 1919, yeye akiwa amekwisha kufa. Tena kwa miaka mingi baada ya vita alikuwa mgonjwa, akifanya kazi zake kitandani, akiandika maelfu ya barua.

Mwaka 1907 alipewa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata, ingawa macho yalikuwa hayaoni tena. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, umri wake miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa, akazikwa kijijini East Wellow, na juu ya kaburi zikaandikwa herufi mbili za jina lake na miaka yake tu.

Dini yetu imetufundisha kuwa unadhifu ni katika imani, na kwamba kumtazama mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Basi mzazi wa Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga ambaye binti yake ataka kusomea uuguzi na alifikirie jambo hili kabla ya kusema hapana. Na sisi tuingiao hospitalini tukiona mwuguzi amekaza uso kwa sababu ya ndoo isiyomwagwa au dirisha lililofungwa, tusimwone mkorofi. Anazuia kifo kwa njia ambayo Bibi Florence aliijua baada ya kuwahesabu maelfu waliokufa.