Joseph Henry, mtu aliye nyuma ya swichi ya kumwagilia bustani

Jirani yangu mmoja ana bustani ya mboga nyuma ya nyumba, yapata mita za mraba 500. Siku hizi hasimami tena jioni ameshika mpira wa maji. Ukutani amefunga kisanduku cha plastiki kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Akiwa sokoni hubonyeza simu yake, kisanduku hulia tik, na vinyunyizio huanza kuzunguka juu ya matuta ya mchicha na pilipili hoho.

Ndani ya kisanduku hicho mna kifaa kiitwacho rilei. Wengi hudhani kimetoka viwandani juzi pamoja na simu za kisasa. Ukweli ni kwamba kazi yake ilionyeshwa mwaka 1835 na mwalimu mmoja wa Marekani aliyelelewa katika umaskini na kukulia dukani akiuza bidhaa. Jina lake ni Joseph Henry, na maisha yake yana somo kwa mkulima na kwa mfanyabiashara mdogo.

Kutoka kaunta ya duka

Joseph Henry alizaliwa tarehe 17 Desemba 1797 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Uskochi na kipato chao kilikuwa kidogo. Akiwa bado mdogo alipelekwa kuishi na bibi yake katika kijiji cha Galway, na baba yake alifariki kabla kijana huyo hajakomaa. Huko kijijini alisoma shule ya kawaida na baada ya masomo alifanya kazi dukani.

Alipofika miaka 13 alirudi Albany kujifunza kazi kwa fundi saa ambaye pia alikuwa sonara. Hakudumu katika ufundi huo, lakini alitoka na mikono iliyozoea vitu vidogo vinavyotaka subira. Wakati fulani alivutiwa na michezo ya kuigiza. Akiwa na miaka 16 alikutana na kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa watu wa kawaida, na tangu hapo hakutamani tena jukwaa.

Mwaka 1819 alipokelewa katika Akademia ya Albany bila kulipa ada. Pesa ya kula aliitafuta kwa kufundisha watoto wa wengine, na mwaka 1825 alishiriki kupima njia ya barabara kutoka mto Hudson hadi ziwa Erie. Mwaka 1826 akademia hiyo hiyo ilimwajiri kuwa mwalimu wa hesabu na sayansi. Mzigo wa vipindi ulikuwa mkubwa, hivyo majaribio yake makubwa aliyafanya mwezi Agosti, wanafunzi walipokuwa likizo na madarasa yakiwa matupu.

Sumaku iliyobeba karibu tani moja

Wakati huo Mwingereza William Sturgeon alikuwa ameshaonyesha kuwa chuma kilichozungushiwa waya hugeuka sumaku umeme unapopita, na huacha kuwa sumaku umeme unapokatika. Tatizo lilikuwa kwamba waya wake haukuvikwa kitu, hivyo ilibidi mizunguko iachane ili isigusane. Sumaku yake ilibeba kilo chache tu.

Henry aliuvika waya hariri. Baada ya hapo aliweza kuuzungusha kwa kubana, tabaka juu ya tabaka, bila umeme kuruka njia. Mwaka 1831 alitengeneza sumaku kwa ajili ya Chuo cha Yale iliyoinua zaidi ya kilo 900, ilhali betri iliyoiendesha ilikuwa ndogo.

Mwaka huo huo alitandaza waya wa zaidi ya kilomita moja na nusu kuzunguka ukumbi wa akademia, na umeme uliopita humo ukapiga kengele upande wa pili. Hapo aligundua jambo ambalo mafundi wanalitumia hadi leo: waya ukiwa mrefu, ongeza seli za betri kwa kuzifuatanisha na tumia koili yenye mizunguko mingi. Bila kanuni hiyo, amri ya umeme ingefia njiani.

Rilei inavyofanya kazi

Mwaka 1832 Henry alihamia chuo kilichopo Princeton, jimbo la New Jersey. Katika maabara yake alisaidiwa na Sam Parker, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtu huru, ambaye aliandaa vifaa na mara nyingine mwili wake ndio uliopima makali ya umeme. Majina ya wasaidizi kama huyu husahaulika haraka, na ni vizuri likatajwa.

Mwaka 1835 Henry aliunganisha mambo mawili. Alichukua umeme dhaifu uliosafiri mbali, akautumia kuvuta kipande kidogo cha waya. Kipande hicho kilifungua au kufunga njia ya umeme mwingine wenye nguvu uliokuwa karibu. Mbele ya wanafunzi, amri ndogo kutoka mbali ilitosha kuifanya sumaku kubwa iachie mzigo wake ukaanguka kwa kishindo.

Mkulima atalielewa jambo hili kwa mfano wa zizi. Mtoto mdogo hawezi kuwasukuma ng'ombe ishirini watoke nje. Lakini anaweza kunyanyua komeo, na ng'ombe watatoka kwa nguvu zao wenyewe. Rilei ni huyo mtoto. Umeme mdogo hunyanyua komeo, na umeme mkubwa hupita kufanya kazi.

Henry alitandaza pia waya kutoka maabara hadi nyumbani kwake, na kwa ishara za umeme alimjulisha mkewe Harriet kuhusu chakula cha mchana. Kwa hiyo kuagiza jambo nyumbani ukiwa mbali, kama afanyavyo jirani yangu na vinyunyizio vyake, si wazo jipya.

Kitu kingine alichokigundua ni muhimu kwa yeyote anayefunga rilei. Aliona kwamba waya mrefu uliozungushwa, unapokatwa ghafla kutoka kwenye betri, hutoa cheche kali kuliko betri yenyewe. Alilichapisha jambo hilo mwaka 1832. Michael Faraday wa Uingereza alimtangulia kuchapisha kuhusu umeme unaozaliwa na sumaku, lakini kwa cheche hii ya koili Henry ndiye anayetambuliwa. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Faida ikaenda kwa mwingine

Henry hakuchukua hataza, yaani hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kuuza wazo lake peke yake. Aliamini sayansi ni mali ya wote. Rilei hata hakuiandikia makala wakati ule, aliifundisha darasani tu.

Samuel Morse, aliyekuwa mchoraji, alikuwa akihangaika na telegrafu ambayo ujumbe wake haukuvuka umbali wa maana. Mwenzake Leonard Gale, profesa wa kemia, alikuwa amesoma makala ya Henry ya mwaka 1831. Alimshauri Morse aongeze seli za betri na mizunguko ya koili, na umbali ukapanda hadi maili kumi. Henry naye alimpa Morse ushauri bila malipo, na mwaka 1842 alimwandikia barua ya kumuunga mkono. Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000, na tarehe 24 Mei 1844 njia ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore ikafunguliwa.

Mwaka 1845 mshirika wa Morse alichapisha kitabu kuhusu telegrafu ambacho hakikumpa Henry heshima aliyostahili. Henry aliumia. Kesi za hataza zilipofika mahakamani, aliitwa shahidi mwaka 1849 na kueleza kile alichokifanya Albany na Princeton. Mwaka 1855 Morse alimshambulia kwa maandishi, akidai kwamba hakuna alichochangia. Henry aliomba mambo yachunguzwe na bodi ya taasisi aliyokuwa akiiongoza, na mwaka 1857 bodi hiyo ilimsafisha.

Kama mchumi nalitazama tukio hili kwa pande mbili. Kwa kutokuchukua hataza, Henry alirahisishia dunia kutumia maarifa yake. Hata hivyo, kutoandika kazi yake mapema kulimgharimu zaidi ya miaka kumi ya kujitetea. Mfanyabiashara mdogo aliyebuni mchanganyiko wa chakula cha kuku au mashine ya kukamua alizeti anaweza kugawa ujuzi wake bure akitaka. Lakini aandike tarehe, achore mchoro, apige picha. Ukarimu usio na daftari huzaa ugomvi.

Hali ya hewa kwa waya

Mwezi Desemba mwaka 1846 Henry alikuwa amechaguliwa kuwa katibu wa kwanza wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Hapa ndipo alipowagusa wakulima moja kwa moja. Alianzisha mtandao wa watu wa kujitolea waliopima joto, upepo na mvua katika maeneo yao. Mwishoni mwa 1849 walikuwa kama 150, na miaka kumi baadaye walizidi 500. Kampuni za telegrafu zilikubali kupeleka taarifa hizo kila asubuhi.

Mwaka 1856 taasisi hiyo iliweka ramani ya hali ya hewa ukutani ambapo kila mgeni aliiona. Mwaka 1857 gazeti moja la Washington lilianza kuchapisha hali ya hewa ya miji kadhaa. Henry aliandika pia mfululizo wa makala kuhusu hali ya hewa na kilimo katika taarifa za serikali za miaka ya 1855 hadi 1859. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861, viliuvuruga mtandao huo, na mwezi Januari 1865 moto katika jengo la taasisi uliteketeza sehemu kubwa ya karatasi zake. Hata hivyo, mwaka 1870 Bunge liliamua nchi iwe na huduma ya taifa ya hali ya hewa.

Henry aliitumikia pia bodi ya minara ya taa za meli, ambako majaribio yake yalisaidia kubadili mafuta ghali ya nyangumi na kutumia mafuta ya nguruwe. Mwaka 1875 kijana Alexander Graham Bell alimwendea akiwa na wazo la simu, akakiri kuwa hajui umeme vya kutosha. Mzee alimjibu kwa kifupi kwamba akautafute ujuzi huo. Henry alifariki Washington tarehe 13 Mei 1878. Mwaka 1893 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme huko Chicago ulilifanya jina lake kuwa kipimo cha ile tabia ya koili aliyoigundua.

Ukitaka kufunga rilei bustanini

Kwanza, fahamu kuwa vali nyingi za umeme za bustani hutumia volti 24 tu kutoka kwenye transfoma ndogo, na umeme usiofika nusu ampea. Rilei ndogo inatosha. Pampu ni jambo tofauti. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na kisanduku kilichoandikwa ampea 10 kinaweza kuungua. Acha rilei iamuru kontakta, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme.

Pili, kumbuka cheche ya Henry. Vali ni koili, na koili ikikatiwa umeme hurudisha cheche inayokula midomo ya rilei mpaka siku moja inagandana na kubaki imewaka. Kwa vali za umeme wa betri au sola, mwambie fundi aweke diodi sambamba na koili. Kwa zile za transfoma kuna vizuizi vyake madukani.

Tatu, chagua vali inayojifunga umeme unapokatika, na rilei inayoweza kujizima yenyewe baada ya dakika ulizoipangia hata kama mtandao umepotea. Bustani ya mita za mraba 500 ikipewa milimita 5 kwa siku inahitaji lita 2,500. Vali inayotoa lita 1,500 kwa saa ikibaki wazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inamwaga lita 12,000. Hayo ni maji ya karibu siku tano, na bili yake ni yako.

Nne, usiiachie simu kila kitu. Chimba udongo kwa kidole kabla ya kubonyeza, na kama utabiri unasema mvua inakuja, subiri. Taarifa ya mvua kuwahi kufika kabla ya mvua yenyewe ni kazi aliyoihangaikia Henry kwa miaka mingi, na haina maana kumwagilia huku wingu limeshatanda.

Jirani yangu alipoisikia habari hii alicheka, akasema kumbe amefunga ukutani kitu cha babu. Kisha akaenda kutafuta diodi.